Pindo la Suruali ya Theluji

Mkasi wa Victorine, fundi wa nguo wa mtaa wa Yeoville, ulisita juu ya suruali ya theluji. Miguu ya suruali ilizidi mstari wa chaki kwa shibiri nzima.

"Kata, mama," mteja akamhimiza. "Mwenyewe hatarudi kuivaa."

Marehemu mume wa mteja ndiye aliyepanga likizo ya kuteleza kwenye theluji, milimani Lesotho. Sasa binti yao angekwenda na suruali ya baba.

Victorine alimtazama msichana, aliyesimama kando ya mama yake. Mikono ya sweta yake ya shule ilishindwa kufika kwenye viganja.

Akaweka mkasi chini, akakunja ziada yote kwa ndani, akaibana kwa pini.

"Nimesema ukate!"

"Nimesikia, mama. Kila baridi ikirudi mniletee, niishushe kidogo, mpaka binti amfikie baba yake kwa urefu."