Wastani ni Tisa

Wamae alifunga mlango wa choo kwa waya, akateremsha suruali, akavuta utepe uliokuwa shingoni mwake na kujipima. Tatu na nusu. Akatema mate shimoni, akapima tena. Tatu na nusu.

Alikuwa fundi wa nguo tangu mwaka mmoja kabla ya Uhuru, na sasa ilikuwa 1972. Cherehani yake ilikaa barazani pa duka moja mjini Nyeri, na viuno vya makarani na makatekista vyote vilikuwa vimepita katika utepe ule. Haukuwahi kumdanganya. Siku hiyo aliuchukia.

Ugonjwa huu wa kujipima aliuokota kwenye soko la Chaka, alipokwenda kuuza kaptura. Alikuta umati umemzunguka Peterson, muuza dawa mwenye koti jeupe lililojaa madoa na kucha nyeusi tititi. Mkononi alishika ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha Kiingereza cha madaktari.

"Si mimi nimesema!" Peterson alipiga kelele. "Ni madaktari wa Ulaya! Wamepima wanaume elfu moja, wakiwa wametulia tu, wakajumlisha, wakagawanya. Wastani ni ngapi? Ni tisa! Wewe kama uko chini ya tisa, rudi nyumbani ukae na watoto. Wewe ni kihii, mvulana asiyetahiriwa, hata kama ulipita kwa kisu!"

Wanaume walicheka huku wakitazamana kwa pembe ya jicho. Hakuna aliyeuliza swali. Wanaume ni wajinga kweli: bei ya viazi watabishania asubuhi nzima, lakini neno la miili yao watalimeza bila kutafuna.

Harusi yake ilipangwa Desemba. Mbuzi walikuwa wameshafika kwa kina Murugi, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mcheshi aliyempenda Wamae bila kujificha. Jioni hiyo Murugi alipita barazani na orodha ya sare za shule.

"Nimekupunguzia kazi," alisema. "Nimepima watoto wote mimi mwenyewe."

Wamae aliikodolea macho ile orodha, akamrudishia. "Mwalimu, hizi namba zenu ziko na wazimu. Nitakuja nipime mwenyewe."

"Ni za kisasa, wewe mzee," Murugi akacheka, akamshika mkono.

Wamae akauchomoa. Alikuwa akifikiria siku atakapovua nguo mbele ya msichana huyu, naye atazame, kisha anyamaze kwa huruma. Afadhali afe. Siku ya soko iliyofuata alirudi Chaka.

Dawa yenyewe ilikuwa uji wa kijani unaonuka mzoga wa kondoo. Peterson aliuchota kwa kidole kilekile alichokuwa akichokolea meno, akaujaza kwenye mkebe wa rangi ya viatu, akaufunga kwa ule ukurasa wake. "Hiyo ni zawadi," alisema. "Soko ijayo nitakuwa Kiriaini, na maneno yake nimeshayakariri. Paka asubuhi na jioni. Ikiwasha, ujue inavuta."

Iliwasha. Siku ya pili Wamae aliuma mto. Siku ya nne utepe ulisoma nne na robo, naye akafurahi, maskini, akapaka mara tatu. Ule ulikuwa uvimbe. Siku ya saba ngozi ilianza kutoka vipande vipande kama ya kiazi cha kuchemsha. Siku ya tisa maji ya manjano yalipenya hadi nje ya suruali, na nzi wakamfuata barazani. Wateja walisimama mbali wakiziba pua, wakidhani paka amefia chini ya sakafu. Bado alipaka. Kinyaa kilimpanda kila alipofungua mkebe, akatapika, akajifuta mdomo, akapaka.

Murugi ndiye aliyemkuta ameanguka juu ya cherehani, mwili ukichemka. Aliita watu, wakambeba hadi hospitali.

Muuguzi Watiri alifungua madirisha yote mawili kabla ya kufunua shuka. Alipofunua, aligeuka ukutani. Daktari Nderitu, mtu wa makamo aliyeyaona mengi, alikunja uso kwa karaha.

"Nani alikuambia ujipake uchafu kama huu?"

Wamae alitoa mkebe mfukoni, na ule ukurasa uliolowa mafuta.

"Nyama imeoza," daktari alisema. "Nitakata leo hii, ama kesho tukuzike."

"Utakata ngapi?"

"Yote."

Nje, mlangoni, Murugi alikuwa akimuuliza kila apitaye kama fundi Wamae amezinduka. Wamae aliisikia sauti yake, akaanza kulia. Kisha akaushika ule ukurasa. Alitaka angalau jambo moja liwe kweli.

"Daktari, nisomee. Huyo mtu alinidanganya? Hakuna kitu kama tisa?"

Nderitu alisoma mistari yote, akageuza, akasoma na nyuma.

"Dawa ni takataka. Lakini karatasi ni ya kweli. Wastani ni tisa."

Wamae alishusha pumzi, akafumba macho. Basi hakuwa mjinga. Alikuwa mgonjwa aliyekosea dawa tu.

"Na wewe," daktari aliuliza, kalamu mkononi, "kabla ya kujipaka ulikuwa ngapi?"

"Tatu na nusu."

Kalamu ikasimama. Daktari aliutazama utepe uliokuwa bado shingoni mwa fundi. Aliuvuta taratibu, akabana tatu na nusu ya upande wa inchi kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akaugeuza upande wa pili, upande wa sentimita, ambao Wamae hakuwahi kuusoma maishani.

Ukucha ulikuwa juu ya tisa.