Nundu Kwenye Mchoro

"Usitume kwanza, dada!"

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma tangazo la ugunduzi wetu. Kwa miaka sita tulikuwa tukigonganisha chembe ndogo kuliko vumbi, tukitafuta moja nzito isiyowahi kuonekana, na wiki hii mchoro wa vipimo vyetu ulikuwa umeota nundu, dalili kwamba tumeipata. Nyuma ya mlango wenzangu walishaanza kupiga vigelegele.

Fundi wa nyaya alikuwa akihema. Alikuwa amepanda ngazi zote kutoka handakini kwenye mashine yetu, mkononi ana waya mfupi wenye kichwa kilicholegea. Alikikaza kwa dole gumba, akakilegeza, akakikaza tena.

"Kikilegea hivi, kipimo kinaona nguvu isiyokuwepo. Nundu yako hii hapa."

"Una hakika?"

"Nimeujaribu mara kumi. Niwie radhi, nimekuharibia sherehe."

Sherehe! Kesho dunia nzima ingenicheka mpaka jino la mwisho.

Niliushika mkono wake uliojaa grisi kwa mikono yangu yote miwili, nikashindwa kuuachia.

"Kaka, umenisitiri."

Vigelegele vikazidi. Nikafungua mlango, nikamtanguliza yeye.