Hapo Acha Iruke

Walter alipaka dawa ya meno kwenye CD ya marehemu, akaisugua kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje, huku akifyonza. Mkwaruzo ulikuwa mmoja tu, lakini mkwaruzo wa ajabu: umezama, umefuata mviringo wa CD, utadhani mtu aliketi akauchora kwa msumari.

"Nyinyi watu," alisema, "CD mnaweka pamoja na vijiko?"

Edith, mjane mwenyewe, alikuwa kwenye benchi la duka na kitambaa cheusi kichwani. "Injinia, sitaki mambo mengi. Niwekee tu kwa flash. Ni wimbo mmoja, utapigwa Jumamosi tukimtoa mzee kwa nyumba. Hiyo siku nataka ipite bila aibu, basi."

"Lakini ulianzia kwa Bravin."

"Nilipitia tu. Alijaribu, ikifika hapo inaruka. Na ni sawa, nyathina, mtoto wangu. Hapo acha iruke. Sisi tumezoea."

Acha iruke! Walter nusura acheke. Bravin, na kibanda chake pale stendi ya Homa Bay, alikuwa na programu ya bure inayomeza CD nzima kabla chai haijapoa. Ikikuta mkwaruzo inarukia mbele kama mbuzi kwenye mtaro, halafu inakutemea MP3 nyepesi kama uji wa mgonjwa. Na watu wanalipa, wanashukuru, wanarudi! Mbuzi ukimpigia gitaa atakushukuru vipi?

Programu ya Walter ilikuwa kitu kingine. Alikuwa amezijaribu nyingi na kuzitupa, na akikupata umekaa vizuri angekutajia zote na dhambi zake. Hii ilisoma kila kipande na kukirudia, ikalinganisha. Visipopatana inarudi pale pale, na tena, na tena, mpaka CD itoe kilichomo. Mwishowe inakupa ripoti. "Sikio hudanganya," alipenda kusema. "Ripoti haidanganyi."

"Sasa kama kwa Bravin ni sawa, kwangu umefuata nini?"

"Ni mzee alisema. Akienda, CD yake iletwe kwako, si kwa mtu mwingine. Na neno la marehemu halivunjwi." Edith alimtazama. "Hata sijui ulimfanyia nini."

Hakuwa amemfanyia lolote. Alimkumbuka vizuri huyo Cephas, mzee wa Lambwe, aliyekuwa akija kununua CD tupu na hata kompyuta hana. Angekaa kwenye benchi hilo hilo, amtazame akifanya kazi, aulize habari za kwao Kisegi, amwite wuoda, mwanangu, kama wazee wote wanavyowaita vijana. Walter alikuwa akimjibu bila kugeuka. Mzee mzima, kazi yake kukimbilia ngoma za ohangla kwenye harusi za watu!

Ohangla yenyewe Walter hakuisikiliza, na angekuambia kwa nini hata kama hukuuliza. Wimbo umeshika moto, mara mlevi anasimamisha ngoma, anatuza wanamuziki, ananyakua maiki na kuanza kujisifu: mimi fulani, bwana ya fulani, baba fulani. Pakruok, ndivyo wanavyoita. Upuzi mtupu, kumwaga mambo ya nyumba yako mbele za watu! Yeye sikio lake alilirithi. Mama yake, Phelesia, aliyemlea peke yake Kisegi kwa kuuza omena, dagaa wa ziwani, alimwambia tangu utotoni: baba yako alikuwa mwalimu wa kwaya, akafa maji kabla hujazaliwa. Mtu wa heshima, hakukanyaga dansi hata siku moja.

CD ikaingia. Programu ikaenda vizuri, ikafika kwenye mkwaruzo, ikakwama.

Edith akainuka kuchungulia. "Yawa! Bado iko hapo? Injinia, toa tu. Iruke."

"Mama, hapa si kwa Bravin."

"Na kama haitaki kutoka?"

"Itatoka."

Edith akachukua mkoba wake akaenda zake, maana ya msiba yalikuwa mengi.

Kabla ya kufunga duka, ripoti ilitoka: hakuna kosa hata moja. Walter hakusikiliza. Awasikilize walevi, yeye? Akahifadhi faili ya FLAC, isiyopoteza chembe, akaamua kuipeleka Lambwe mwenyewe na spika zake, wajue kazi ni nini.

Jumamosi boma lilijaa. Wazee wa ukoo mbele, wana wa Edith kando ya mlango, na mchungaji aliyekubali wimbo mmoja wa kidunia shingo upande. Bravin naye alikuwepo. Walter alimwona akafurahi sana. Hata mama yake alikuwa amekuja kutoka Kisegi, amesimama nyuma kabisa karibu na ua, kichwani kitambaa cheusi. Amekuja kuona kazi yangu, Walter aliwaza, na akaongeza sauti kidogo.

Jeneza likatoka. Akabonyeza. Ngoma zikajaa boma zima, safi, orutu, ile fidla ya uzi mmoja, ikilia juu yake, na wazee wakaanza kutikisa mabega. Halafu ngoma zikashuka, zikabaki kunong'ona, kama zinavyoshuka mtu akishika maiki.

Nyuma ya jeneza, Edith akasimama ghafla.

"Injinia," alisema, "mbona haijaruka?"

Sauti ya Cephas ikatoka kwenye spika, ya kijana, imelewa furaha, bila mkwaruzo hata kidogo: "Simamisheni! Mimi Cephas wa Lambwe! Mimi bwana ya Phelesia wa Kisegi! Mimi baba Walter!"