Msimu Usio na Kikohozi

Salome aliongeza sauti ya redio mpaka spika ikaanza kukwaruza, kisha akamziba mwanawe mdomo kwa upindo wa kanga.

"Kimeze, mama," alimnong'oneza. "Kimeze hicho kikohozi."

Vumilia, mtoto wa miaka minne, alijitahidi. Machozi yakamlengalenga, kifua kikapanda na kushuka, lakini ukutani hakikupenya kitu ila muziki.

Chumba chao kilikuwa katikati ya nyumba ndefu ya wapangaji, kwenye makazi ya wachimbaji upande wa Geita. Dari haikuwepo; mtu hakuweza kugombana na mkewe bila wenzake kujua chanzo. Na huo ulikuwa mwaka wa korona. Pantaleo wa chumba cha mwisho alikuwa amekohoa hadharani pale bombani, na kesho yake gari likaja kumchukua. Hakurudi. Godoro lake lilichomwa moto, na mwenye nyumba akamfukuza mke wa Pantaleo siku hiyohiyo. Watu walisema aliyepeleka habari ni Mama Loveness, anayepakana ukuta na Salome.

Miaka mingine, upepo wa kiangazi ukianza kupeperusha vumbi la karasha za kusagia mawe ya dhahabu, watoto wote wa pale hushikwa na mafua, na mama zao hujazana zahanati. Mwaka huu Salome hakumsikia hata mmoja. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Kama mafua hayapo, basi kilichomshika Vumilia si mafua.

Mumewe, Masalu, alikuwa machimboni, harudi mpaka mwisho wa wiki. Kwa simu alimwambia amfiche mtoto hadi apone.

Homa ilipozidi, Salome alimwacha Vumilia amelala, akaenda zahanati peke yake. Benchi la wagonjwa lilikuwa tupu. Mganga Donatus alimpokea kwa uchangamfu wa mtu aliyekosa wa kuongea naye. Akamwonyesha ndoo ya kunawia mlangoni, akaisifu kama mtu anayesifu ng'ombe wake.

"Mafua mwaka huu yamekwisha kabisa, dada. Watu wananawa." Kisha akauliza nani anaumwa.

Salome alilitazama lile benchi tupu. Akasema ni yeye, tumbo. Akapewa dawa ya minyoo.

Wakati wa kurudi alipita gengeni kutafuta tangawizi na malimao. Muuzaji akamwambia vimekwisha, siku hizi havikai. Mama Loveness alikuwa anaondoka pale, mfuko wake ameukumbatia kifuani. Salome akamwamkia.

"Marahaba," alijibu yule mama. "Naona siku hizi mnapenda sana muziki."

Salome akasema mtoto ndiye anayependa kucheza.

"Hata wangu," alisema Mama Loveness bila kumtazama, akashika njia.

Kuanzia siku hiyo redio ya jirani nayo ikawa inapigwa juu, asubuhi mpaka jioni. Salome aliona anakomolewa.

Vumilia akaacha kula. Midomo ikampauka, mbavu zikawa zinabonyea kila anapovuta pumzi. Hapo Salome akasema potelea mbali, wamchukue, wachome na godoro. Akambeba mgongoni, akafungua mlango. Mama Loveness alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake, hana kazi mkononi, anaulinda uwanja kwa macho. Walitazamana. Salome alirudi ndani, akafunga mlango.

Alimlaza mtoto, akamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Alipomwona anajikaza tena, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kanga.

"Mayu," Vumilia alimwambia mama yake kwa sauti ndogo, "nimechoka kumeza."

Hakusema neno jingine. Mchana, jua likiwa utosini, alitulia. Salome aliweka sikio kifuani pake, akasikia ngoma za redio tu. Akaishika mikono ya mtoto, akaipuliza, akaisugua. Kisha akauma kanga kwa meno, maana akilia watu watakuja, na wakija watauliza kilichomuua. Redio hakuizima.

Umeme ukakatika.

Redio yake ikanyamaza, na ya jirani, na za vyumba vyote. Karasha kule bondeni nazo zikasimama. Salome akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akabana pumzi, asisikike.

Ng'ambo ya ukuta, kwa Mama Loveness, mtoto alikohoa. Akafuatia mwingine chumba cha pili, na mwingine baada yake, mpaka nyumba nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, ikawa inakohoa.