Kufuli la Banda la Kuku

Mlango wa ghala la silaha la kituo cha polisi ulikuwa bado umefungwa kwa waya, vilevile kama siku majambazi walipoiba humo bunduki waliyomuulia mwana wa Nyamizi.

"Fundi atakuja, mama," sajini alimwambia Nyamizi akikoroga chai. "Kufuli tumeshaagiza."

"Mwaka mzima mnaagiza? Hata kuku wangu wanafungiwa kwa kufuli!"

Akalitoa mkobani hilohilo la kuku, akaung'oa waya, akafunga mlango. Sajini akainuka, chai ikamwagika.

"Mama, lete ufunguo! Askari wa doria wanakuja kuchukua bunduki."

Nyamizi akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno, akaketi kizingitini.

"Waje."

Nje, buti zilianza kusikika kwenye changarawe.