Hema Lirudi na Gari

Kiongozi wa matembezi aliliinua begi la Hafsa, akalirudisha mchangani. "Mama, hadi Ruvuma inapoingia baharini ni siku mbili kwa miguu. Kwa mzigo huu na goti lako lililopasuliwa, bora urudi na gari."

Hafsa alifungua begi, akatoa hema na vyuma vyake vyote, akamkabidhi dereva. Akabakiza turubai jepesi, lililokunjwa likawa dogo kama kanga.

"Hema ndilo litakalorudi," alisema.

"Na mvua ikinyesha?"

"Masika yote nimelala chini ya turubai hili, uani kwangu Rahaleo. Sikulowa."

Alivaa begi, akakaza mikanda. Mabega yalilipokea bila shida.

Kiongozi alipogeuka kuwaita wengine, Hafsa alikuwa ameshatangulia, nyayo zake zikijaa maji ya bahari.