Mtaro wa Fuko

Ngiri na Fuko walilima mteremko mmoja, Ngiri juu, Fuko chini. Ngiri hulima kwa kupiga magoti, kama ukoo wake wote, basi akaona ateremke moja kwa moja na jembe asijichoshe. Fuko akachimba mtaro mrefu mpakani, kuukatiza mteremko.

"Jirani, hilo kaburi la nani?" Ngiri akamcheka.

"La mvua," Fuko akajibu.

Mvua kubwa ikanyesha. Ilipokatika, shamba la Ngiri lilikuwa mwamba mtupu. Akashuka mbio akilia, akidhani udongo na maharage aliyopanda vimeshafika mtoni. Akavikuta vyote mtaroni, maharage yameanza kuchipua.

"Haya, wachukue marehemu wako," Fuko akasema.

Ngiri akashusha pumzi, akacheka mpaka akatoa machozi. Kisha akaupandisha udongo wake shambani, akapiga magoti tena, safari hii akilima kuukatiza mteremko.